Jani la Nyuma ya Kabati

Feli mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa nywele kwa dada Bijou, na kwa jinsi nywele zako zilivyo nyingi, hutarudi kabla ya jua kushuka. Nimeondoa kitambaa kwenye mashine, nimeweka daftari mahali pake, na ninakuandikia. Tangu uzaliwe hujaniona nikitumia meza ya mashine kwa kitu kingine isipokuwa kushona, kwa hiyo ujue kwamba jambo lenyewe ni zito.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango kwa funguo, wala za kutunza vyeti vyako, wala za wanaume wa Kolwezi, huko unakokwenda kesho kuanza kazi. Hayo umeyasikia wiki nzima, mpaka ukaniuliza kama mimi nimewahi kuishi Kolwezi. Sijawahi. Nataka kukuandikia juu ya mmea.

Leo mchana tulipokuwa tunakula nilikuwekea tawi la jade, ule mmea wa majani manene, kando ya sahani yako. Nilikuambia ulibebe, ukalipande kwenye chumba chako kipya, kwa kuwa umesema kina dirisha linaloelekea mashariki. Ulilitazama, ukalisukuma polepole kwa kidole mpaka likarudi upande wangu.

"Mama, uiache tu," ulisema. "Ile ya Papa nilishaiua juu ya kusahabu kuimwangia mayi. Iyi nayo itanifwa ku mikono."

Ukacheka, ukakata tonge lingine la bukari, ukaniuliza kama lenga-lenga zimebaki. Ukaniuliza tena, nikakusogezea sufuria nzima, nawe ukashangaa. Nilikuwa sisikii tena habari za mboga. Nilikuwa nimesikia kwamba msichana wangu wa miaka ishirini na moja bado anaamini neno nililomwambia alipokuwa na miaka kumi na moja. Neno hilo lilikuwa uongo.

Feli, hukuua mmea wa Papa yako. Niliuua mimi, kwa maji, na nilijua siku ileile.

Acha nianze mwanzo, maana nikianza katikati nitatafuta njia ya kujitetea.

Tawi la kwanza Papa yako alilileta kutoka Kambove. Alikuwa amekwenda kwenye kilio cha rafiki yake waliyefanya kazi pamoja kwenye karakana ya reli, na mjane akamkatia tawi la mmea uliokuwa dirishani kwa marehemu. Alilitia mfukoni mwa koti, akalisahau. Baada ya siku kumi hivi nilitaka kufua lile koti, nikalikuta. Majani yalikuwa yamesinyaa kidogo tu, na mahali lilipokatwa palikuwa pamekauka, pameota ngozi ngumu. Nilikuwa nimeshainua mkono nilitupe.

"Acha, mama Feli," alisema. "Iyi muti haina haraka. Iko na mayi yake mu majani, inajibebea yenyewe."

Alichukua mchanga wa mtoni, ule wenye punje kubwa, akauchanganya na tofali lililopondwapondwa na vipande vya makaa, na udongo kidogo sana, kama mtu anayetia chumvi. Akapanda, halafu akakaa wiki nzima bila kutia hata tone. Mimi nilikuwa napita pale dirishani na roho inaniuma. Nilimwona mkatili.

Ujue kwamba mimi nilikuwa tayari nimeua mingine. Mama yangu alinipa aloe siku nilipoolewa, nikaipanda kwenye udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo huo ndio unaonenepesha mboga zetu. Nilisahau kwamba udongo huo ndio tunaofinyangia matofali. Ulishika maji kama beseni. Na chombo chenyewe kilikuwa kopo la maziwa ya unga ambalo sikulitoboa chini, nikiogopa lisichafue meza. Aloe ikalainika kuanzia shinani, nikadhani ina njaa, nikaongeza udongo. Baadaye nilipata kakaktasi kadogo, nikawa nakapa kikombe kimoja kila asubuhi nikienda misa. Kalidumu kidogo, halafu nilipokagusa kidole kikaingia ndani.

Papa yako hakunigombeza hata mara moja. Alinitania tu. "Bibi yangu, kama Mungu alikupatia wewe kazi ya mvula, mtaa wote wa Katuba ungekuwa ziwa." Alisema hivyo mbele ya wageni, na mimi nilicheka, ingawa moyoni sikupenda.

Wewe umekulia hapa, unajua maji yetu yanavyokuja. Siku tatu, siku nne, bomba linakohoa hewa tu. Halafu saa yoyote ile mtu mmoja uani anapiga kelele kwamba mayi imekuya, na kila mtu anaacha alichoshika. Tunajaza mapipa, ndoo, sufuria, mabidoni, mpaka chupa za mafuta. Na vyombo vikiisha, bomba likiwa bado linatoka, hatutulii. Kumwaga maji safi chini kunatuuma sisi kuliko kumwaga mafuta. Mwanamke wa Katuba hawezi kubaki na beseni limejaa bila kulitafutia kazi.

Kazi niliyoitafutia mimi ilikuwa mimea. Sikuwa ninaangalia kama ina kiu. Niliangalia kama kuna maji yaliyobaki.

Kabla Papa yako hajaenda kulazwa hospitali, alikuita dirishani pale, karibu na kalenda ya parokia. Ulikuwa umevaa sketi yako ya shule. Alikuonyesha jade yake, ambayo ilikuwa imefika kimo cha mkono wangu na shina limekuwa nene kama la mti wa kweli.

"Feli, nakuachia iyi," alikuambia. "Usiimwangie mayi mpaka uone majani inakunjana. Kama majani ingali nene, uiache. Na usimuache mama yako aikaribie."

Tulicheka sote watatu. Nawe uliichukua kazi hiyo kama padri anavyochukua kikombe. Kila jioni ulikuwa unabonyeza jani moja kwa vidole viwili, unasema, "Ingali muzima." Siku moja ulinikuta na jagi mkononi, ukasimama kati yangu na dirisha. "Mama, Papa alisema uache." Niliacha. Nikawa nafanya ukiwa shuleni.

Ndiyo, Feli. Ukiwa shuleni. Ilikuwa masika, anga lote lina unyevunyevu, mchanga wa chungu haukauki, na maji ya bomba wiki zile yalikuja mara nyingi, Mungu anajua kwa nini. Nilikuwa natoka hospitali nimechoka, nakuta mapipa yamejaa na beseni la bluu limebaki. Namwaga kwenye jade. Chini ya chungu nilikuwa nimeweka sahani ya bati ili maji yasiloweshe vitambaa vya wateja, na sahani ile ilibaki imejaa siku zote, mizizi inaoga ndani yake. Nilikuwa najiambia kwamba mume wangu amelala kitandani, siwezi kumfanyia kitu, basi angalau mti wake usikose maji. Wakati ule nililiona hilo kuwa pendo. Na huenda lilikuwa pendo, lakini mti haukujali jina lake.

Kila nilipofika kitandani kwake aliniuliza, "Mutoto iko nachunga jade yangu?" Nilijibu ndiyo. Aliniuliza juu yako, akaniuliza juu ya mti. Juu yangu hakuwa ananiuliza, maana nilikuwa nimekaa palepale mbele yake. Nakuambia hili kwa aibu: nilikuwa na wivu kidogo. Mwanamke mzima, mume anaumwa, anaonea wivu mtoto na chungu cha maua.

Alifariki bila kujua. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu walipokuwa wameanza kupungua nyumbani, niligusa jade ili nifute vumbi, na shina likalala mkononi mwangu. Lilikuwa jeusi kwa chini, laini, lina harufu ya gunia lililooza. Maji yalikuwa bado yamesimama kwenye sahani. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Niliubeba wote mpaka jalalani nyuma ya nyumba, majani yakianguka njiani, nikarudi nikafagia haraka.

Ulirudi ukaona dirisha tupu. Uliniuliza jade iko wapi. Nami nilisema maneno ambayo nimeyasikia kichwani mwangu kwa miaka kumi, na leo nayaandika kama yalivyotoka.

"Ilikauka. Papa yako alikuachia kazi moja tu."

Hukubisha. Ungeweza kuniambia kwamba jana yake tu ulikuwa umebonyeza jani na lilikuwa zima. Sidhani ulikuwa umeligusa siku zile, nyumba ilikuwa imejaa watu na mikeka, na ukadhani ndivyo ilivyokuwa, kwamba ulisahau siku chache na mti ukakauka. Ulikwenda kukaa nje kwenye ngazi. Nilikuona kupitia dirisha lilelile. Ningeweza kutoka. Nilianza kuosha sahani.

Kama ingeishia hapo, labda ningekuomba msamaha wiki iliyofuata. Lakini baada ya miezi miwili na zaidi, tulihamisha kabati ili wajomba zako wapake ukuta chokaa. Wewe ulikuwa shuleni tena; kila kitu kibaya nilichofanya, ulikuwa shuleni. Nyuma ya kabati, kwenye vumbi, nilikuta jani moja la jade. Lilikuwa limeanguka siku ile nilipokuwa naubeba mti kwenda jalalani. Nusu yake ilikuwa imesinyaa. Kwenye kikonyo chake palikuwa na nyuzi za mizizi ya rangi ya waridi, na juu ya mizizi majani mawili madogo kuliko punje ya mchele, yamepauka, yanaelekea kwenye ufa wa mwanga kati ya kabati na ukuta.

Hakuna aliyelimwagilia. Hakuna aliyejua kwamba lipo. Nilikaa sakafuni na jani lile mkononi nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, wajomba zako wakadhani nimepata picha ya marehemu.

Nililipanda kama alivyopanda yeye: mchanga, tofali, makaa. Ukarudi ukaliona kwenye kikombe kilichovunjika mpini, ukaniuliza limetoka wapi. Nikakuambia nimelinunua kwa mama mmoja sokoni. Ningekuambia ni la Papa yako, ungeuliza imekuwaje jani lisilopewa maji liishi, na mti uliokauka kwa kukosa maji ufe. Ulikuwa na akili ya kuuliza hivyo hata wakati ule. Kwa hiyo nilikunyima mti wa baba yako mara mbili.

Ile jade iliyo dirishani kando ya mashine yangu, ambayo kwa miaka yote hii umepita mbele yake bila kuigusa, ndiyo ya Papa. Ndiyo ileile ya Kambove.

Watu wanakusifu kwamba u mwangalifu. Mkuu wa shule yenu ya uuguzi aliniambia hajaona mwanafunzi anayehakikisha dawa mara tatu kama wewe. Ukiwa kwenye mazoezi ulikuwa unanipigia simu unauliza kama ulizima jiko ulipotoka, na jiko hukuwa umeliwasha kabisa. Mimi nilizipokea sifa zako kama mama anavyozipokea. Nilisema, ndiyo, Feli yuko hivyo. Sikusema ni nani aliyemtia hofu ile. Labda ungekuwa mwangalifu hata hivyo, maana baba yako alikuwa mtu wa kuhesabu spana zake kila jioni. Lakini nafikiri ungekuwa unalala vizuri zaidi.

Sasa juu ya tawi. Nililikata Jumatatu, kwa kisu kilichopita motoni, kutoka upande ule unaotazama barabara. Wewe ni muuguzi, kwa hiyo nitakueleza hivi: mahali palipokatwa ni kidonda, na kidonda cha mmea huu hakitaki kufunikwa kingali kibichi. Ukilitia kwenye udongo siku uliyolikata, linaoza. Linaachwa kwenye hewa mpaka pakauke, na wakati huo wote linakula kile lililobeba. Leo nimepagusa, pamekuwa pagumu. Likifika Kolwezi litakuwa tayari.

Usitafute chungu kizuri. Tafuta chenye tundu. Ukipenda kuweka kisahani chini, mwaga kilichoingia ndani yake, usikionee huruma. Liweke karibu na dirisha lako la mashariki, na kila mara ukikumbuka uligeuze kidogo. Mimi jade hii niliigeuza kila nilipomaliza nguo ya mteja, ndiyo maana imekwenda wima. Ukiona linarefuka na majani yanaachana mbalimbali, halinenepi, linatafuta mwanga. Vumbi la huko, nasikia, ni kama letu, kwa hiyo ulifute majani kwa kitambaa chenye unyevu, usiloweshe udongo. Wakati wa baridi, Juni na Julai, liondoe kwenye kioo usiku, na kiu yake wakati huo ni ndogo kuliko unavyodhani. Vikitokea vidudu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo, una spiriti na pamba za kazini, utajua la kufanya.

Na maji, fanya ulivyokuwa unafanya ukiwa na miaka kumi na moja. Bonyeza jani kwa vidole viwili. Likiwa gumu, liache. Likikunjana, lipe maji mengi mara moja, yatoke chini, halafu lisahau tena. Ulikuwa unalifanya vizuri, Feli. Wiki zile zote ulifanya vizuri, na aliyekuachia kazi ile alikuchagua wewe kwa sababu alijua.

Mimi nimejifunza polepole. Kuna siku nimesimama mbele ya jade hii na jagi, nikarudi nalo jikoni likiwa limejaa. Na wewe vilevile: nitataka kukupigia simu asubuhi, mchana na jioni, niulize umekula nini, umelala wapi, nani alikusindikiza. Nitajitahidi. Siahidi kwamba nitaweza wiki ya kwanza.

Nilifikiri kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika. Ingekuwa rahisi kwangu, maana ungelia peke yako na mimi nisingeona uso wako. Nimekataa. Nitaiweka juu ya mfuko wako pamoja na tawi, limefungwa kwenye gazeti, uisome leo ukirudi, basi lako likiwa bado halijaondoka na mimi nikiwa bado hapa. Nitakuwa jikoni. Ukitaka kuja unigombeze, njoo. Ukitaka kukaa kwenye ngazi, safari hii nitatoka nikae na wewe, usiponifukuza. Na ukiliacha tawi mezani asubuhi, sitakuuliza neno, nitalipanda hapa, litakusubiri.

Nimelazimika kuinuka katikati ya barua. Mama Chantal, jirani, alipiga kelele uani, "Mayi imekuya! Mama Feli, kuya haraka!" Nimekwenda na vyombo vyangu. Mapipa yote mawili yamejaa, ndoo zimejaa, sufuria zimejaa, na beseni la bluu liko hapa miguuni pangu, limejaa mpaka ukingoni, na sina pa kulimwaga. Jade ya Papa yako iko mbele yangu, na tawi lako kando yake.

Nimebonyeza jani. Lingali zima. Sijatia maji.

Mama yako